Oili ya pampu ya mashine ya presha: huyu anasema 40, yule anasema hidroliki. Nani mkweli?

Kijiwe_Mbezi

Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Nimenunua mashine ya presha ya kuoshea magari, mtumba, kwa jamaa aliyekuwa anafunga kijiwe chake. Injini ni ya petroli, hizi za mfano wa GX200 ya Honda, na imeshikana na pampu moja kwa moja, hakuna mkanda. Kitabu hakuna. Muuzaji alinambia "we tia 40 tu, injini na pampu, haina shida". Inafanya kazi na maji yanatoka kwa nguvu, ila pampu ina kidirisha cha kioo ubavuni na oili inayoonekana humo ni nyeupe kama chai ya maziwa.

Nimeuliza mafundi wawili huku Mbezi. Wa kwanza anasema oili iliyomo ni nyepesi, niweke 50 ili izibe. Wa pili anasema 40 na 50 zote hazifai, niweke hidroliki 68. Nimeshuka hadi mtaa wa Gerezani, muuza spea kanitolea oili ya kompresa na kaniapia ndiyo yenyewe.

Sasa nani mkweli? Naomba wachangie walioshika spana.

Mlalahoi Mstaafu

Mkuu weka ya alizeti, magari yatoke yananukia chipsi. Nakaa hapa nasubiri wajuzi.

Fundi_Mkavu

Tia 40 kazi iendelee. Mimi nipo kwenye hizi mashine miaka mingi, vijiwe vyote vya huku kwetu ni 40 na zinadunda. Mafundi wa mitandaoni wanapenda kuwapa watu gharama. Oili ni oili, muhimu isikauke.

Spana13

Mkuu Kijiwe, kabla ya kubishania namba, tenganisha kwanza. Hapo ulipo una mashine mbili zilizofungwa pamoja, na kila moja ina oili yake. Aliyekwambia utie moja kote amekurahisishia maneno tu.

Injini ni injini kama ya gari au bodaboda. Ndani kuna moto, masizi na mvuke wa petroli. Inataka oili ya injini yenye detajenti, yaani ile dawa inayoshika uchafu uelee ndani ya oili usigande kwenye pistoni. Kwa hizi za mfano wa GX, Honda wanaandika 10W-30 kwa matumizi ya kawaida, na SAE 30 inafaa sehemu za joto kama Dar (SAE ni mizani ya uzito wa oili, hizo 40 na 50 zenu zinatoka humo). Angalia kopo liwe limeandikwa daraja la ubora, API SJ au herufi za mbele yake, SL, SM, SN na kuendelea. GX200 inameza lita 0.6 tu. Haina pampu ya oili wala filta: kuna kijiko kidogo chini ya rodi ya pistoni kinachochota oili na kuirusha juu. Ndiyo maana mashine ikikaa upande upande kwenye mteremko, kijiko kinachota hewa, hata kama kijiti cha kupimia kinaonyesha oili ipo.

Pampu ni habari nyingine. Ndani ya lile kasha lenye kioo kuna shafti, beringi na rodi zinazosukuma plunja tatu, yaani fimbo zinazosukuma maji. Hakuna moto humo, hakuna masizi. Adui wa humo ni maji. Upande wa pili wa sili, yaani mpira unaozuia kuvuja, sentimita chache tu kutoka kwenye oili, kuna maji ya presha. Sasa ile dawa inayosaidia injini, huku inaharibu: inashika maji na kuyachanganya na oili, na uchafu wa chuma unaelea na kuzunguka kwenye beringi kwa sababu hakuna filta ya kuukamata. Oili isiyo na detajenti inaacha maji na uchafu vijitenge na kutulia chini, ukifungua nati ya kumwagia vinatoka.

Kwa hiyo pampu nyingi za aina yako, za kioo na shafti, zinataka SAE 30 ambayo kopo limeandikwa Non-Detergent. Kampuni ya Cat Pumps wao wanataka hidroliki ISO 68 yenye dawa ya kuzuia vyuma kulika na kutu. Fundi wako wa pili hajabuni, ila ametaja oili ya pampu fulani bila kujua kama yako ndiyo hiyo.

Na hilo kopo la Non-Detergent usije ukalitia kwenye injini. Kwa kawaida nyuma limeandikwa API SA au SB, na kuna onyo kabisa kwamba si kwa injini za kisasa. API SA ni ya injini za kabla ya 1930.

Kuhusu weupe nitakuja, huo hauhusiani na namba ya oili.

Fundi_Mkavu

Spana13 umeandika vizuri lakini unatuambia kwamba mashine zote za Dar zinaendeshwa vibaya? Hiyo SAE 30 isiyo na detajenti mtu wa Mbagala anaipata duka gani? 40 ipo hadi kwa muuza vocha.

Kilindini_Moja

Salaam kutoka Mombasa. Fundi Mkavu ana haki yake, msimtupie mawe. Mimi nina mashine ya mkanda, ile pampu ya plunja tatu inayotumika pia kupulizia dawa mashambani, imefungwa juu ya fremu na mota ya umeme. Imekuja na karatasi yake imeandikwa SAE 30 au 40, basi. Nimekuwa nikiitia 40 na oili inatoka nyeusi kidogo lakini safi, haijapata kuwa nyeupe. Ile kitu juu ina vikombe vitatu vya grisi, unavizungusha unapofanya kazi.

Kwa hivyo fundi akisema "mashine ya presha inataka 40", muulize bwana, mashine gani?

Spana13

Kilindini umeweka mkono penyewe. Ugomvi wote wa huu uzi unatokana na kuita vitu vitatu kwa jina moja.

Kuna pampu za mkanda kama yako, zinazozunguka taratibu, zenye vikombe vya grisi. Nyingi zinakubali 30 au 40 ya kawaida na hazisumbui. Vijiwe vingi anavyovijua Fundi Mkavu vina hizo, ndiyo maana 40 yake inadunda. Hajadanganya.

Kuna pampu za kushikana na injini moja kwa moja zenye shafti na kioo, kama ya mtoa mada. Hizi zinazunguka kwa kasi ya injini, zaidi ya mizunguko 3000 kwa dakika, na zimebanana. Hapa ndipo SAE 30 bila detajenti au ISO 68 zinapoulizwa, kutegemea kampuni.

Halafu kuna zile ndogo za sahani ya mshazari. Shafti inazungusha sahani iliyoinama na sahani inasukuma plunja kwa zamu. Nyingi zimefungwa moja kwa moja, hazina kioo wala nati ya kumwagia, na mtengenezaji hakutegemea uzifungue. Mashine ndogo za umeme za nyumbani ni ukoo huo. Anayekuuzia oili ya mashine ya aina hiyo, muulize kwanza utaitia wapi.

Usiangalie rangi ya mashine wala jina lililobandikwa kwenye fremu. Anayeunganisha mashine ananunua pampu kwa huyu na injini kwa yule. Tafuta kibao kidogo kwenye pampu yenyewe, mara nyingi kiko juu au ubavuni chini ya matope, usugue kwa brashi. Hapo kuna jina la pampu na modeli yake, na mara nyingine oili imeandikwa kwenye kifuniko cha kujazia. Hata kampuni moja inaweza kutofautiana: Kärcher wana mashine kubwa zinazotaka 15W-40 na nyingine zinazotaka oili ya gia SAE 90.

Mama Kisima

Hapo kwenye SAE 90 umenichanganya, mwanangu. 90 si ni nzito mara mbili ya 40? Fundi wangu akisikia 90 atasema mtaua pampu.

Spana13

Shikamoo mama. Hapana, hizo namba zinatoka kwenye mizani tofauti. Oili za gia zina mizani yao, na 90 ya gia ukiipima uzito wake ikiwa ya moto inaangukia mulemule kwenye 40 na 50 za injini. Waliipa namba kubwa ili watu wasichanganye makopo, ikawa inachanganya hivyo hivyo.

Hidroliki nazo zina mizani ya tatu. Ile 68 au 100 ni kipimo cha uzito (mnato) wa oili ikiwa kwenye nyuzi 40 za joto. Kwa kukadiria, hidroliki 68 inakaribiana na SAE 20, 100 inakaribiana na SAE 30, na 150 inakaribiana na SAE 40. Ndiyo maana yule wa Gerezani aliyetoa oili ya kompresa huenda yuko sahihi kuliko mafundi wote wawili. Oili ya kompresa ya pistoni mara nyingi ni ISO 100 isiyo na detajenti, kwa maana nyingine ndiyo ile SAE 30 tunayoitafuta, imevaa jina lingine.

Na hapo nimemjibu Fundi Mkavu swali lake la duka. Ukikosa kopo lenye neno Non-Detergent, uliza oili ya kompresa ya 100. Hidroliki 68 ndiyo rahisi zaidi kupatikana, kwa sababu matrekta na makatapila yanaitumia: Shell wanayo inaitwa Tellus, Total wanayo inaitwa Azolla, Castrol wanayo inaitwa Hyspin. Nunua iliyofungwa. Ya kupimiwa kwenye chupa ya maji huwezi kujua ni nini.

Fundi_Mkavu

Hapo kwenye kompresa nimekuelewa. Na kweli nyingi nilizoshika mimi ni za mkanda. Endelea.

Kijiwe_Mbezi

Wakuu nimerudi. Nimesugua kibao kama mlivyosema. Jina limefutika nusu lakini kifuniko cha njano cha kujazia kimeandikwa SAE 30 ND. Nadhani ND ndiyo hiyo Non-Detergent. Oili iliyokuwamo nimeimwaga, imetoka nyeupe tupu, na chini kulikuwa na maji kama vijiko viwili hivi.

Swali: nikiweka hiyo ya kompresa weupe utaisha?

Spana13

Hautaisha. Utapata siku chache za oili safi halafu itarudi kuwa nyeupe, na hapo watu huanza kulaumu oili. Maji yanaingia, na oili nzito haizibi tundu la maji. Yule wa "weka 50 izibe" ndiye nisiyekubaliana naye kabisa katika uzi huu. Maji ya upande wa pili yana presha ya baa zaidi ya mia, oili ya 50 haiwezi kusimama mbele yake. Utakachopata ni pampu inayozunguka kwa taabu, inayopata moto zaidi, na moto ndio unaomaliza sili.

Fanya hivi. Washa mashine iwe kazini, chungulia chini ya pampu, pale kichwa cha maji kinapokutana na kasha la oili. Pampu hizi huachwa na vitundu au upenyo makusudi, ili kinachovuja kitoke nje kabla hakijaingia upande wa pili. Kikidondoka maji, sili za maji zimechoka. Ikidondoka oili, ni oili sili, yaani sili ya upande wa oili. Kama vitundu vimezibwa na matope, na kwenye vijiwe karibu vyote vimezibwa, maji yanakosa njia, yanafuata plunja hadi kwenye oili. Chukua waya, zibua.

Nambie unaona nini.

Mama Kisima

Wakati tunamsubiri, ngoja niseme la upande wangu, maana mnazungumzia oili tu na mimi nimeshalipia sili kuliko oili.

Nina sehemu ya kuoshea magari na maji ni ya kisima. Ukanda huu maji ya visima vingi yana chumvi, mnajua. Ikikauka kwenye plunja inaacha ganda, na plunja yenye ganda inakwangua sili kila ikipita. Vijana wangu sasa kila jioni wanaunganisha ndoo ya maji baridi ya bomba na kuyapitisha kwenye mashine kabla ya kuzima. Na tuliweka chujio kwenye mpira wa kuingizia.

Lakini adui mkubwa ni stori. Kijana anaachia bastola ya kupulizia maji, maji yanasimama, injini inaunguruma, anaanza kumweleza mteja mechi ya jana. Fundi wangu wa sasa alinionyesha: maji yakikatwa kwenye bastola hayaondoki, yanazunguka humo humo ndani ya pampu na kuchemka. Nimewapa amri, ukijua utasimama zaidi ya dakika mbili tatu, zima.

Spana13

Mama umemaliza. Nyongeza ndogo: pampu nyingi zina vali ya usalama ya joto inayofunguka maji yakifika kama nyuzi 60 na kudondosha maji chini. Watu wakiona inadondosha, wanadhani imeharibika, wanaiziba kwa plagi. Hapo umeondoa kitu pekee kilichokuwa kinalinda sili zako.

Na pampu ikinyonya hewa, ndoo imekauka au mpira wa kuingizia umejikunja, inapigwa vilevile. Ile sauti ya kugonga na kutetemeka isikilize.

Njombe_Baridi

Wakuu mimi nipo Njombe, mashine yangu ni injini ya farasi 13 mfano wa GX390, na kati ya injini na pampu kuna kiboksi cha chuma. Fundi anasema ni cha kupunguza kasi. Nacho kina oili yake? Pili, asubuhi za mwezi wa sita na wa saba huku ni baridi hasa, kuvuta kamba ya kuwashia ni mazoezi. Nibadili oili?

Spana13

Hiyo ni giaboksi na ndiyo oili ya tatu, ambayo watu wengi hawajui kama ipo. Pampu yako inazunguka nusu ya kasi ya injini au chini ya hapo. Nyingi zinatumia oili ya gia, 80W-90, ila angalia kifuniko chake, maana zipo zinazotumia oili ya injini. Inaingia kidogo sana. Ipime ikiwa imepoa na mashine imesimama sawasawa, na usiijaze hadi shingoni: oili ya gia ikizidi inapanda joto na kusukuma sili nje. Hilo la kuzidisha ni hata kwenye pampu. Kioo kina nukta nyekundu katikati, simama hapo. Ukijaza kioo kizima inatoa povu, na povu halilainishi kitu.

Kwa baridi yenu, kwenye injini usitumie SAE 30 wala 40 ya namba moja. Tumia 10W-30. Ile namba ya kwanza yenye W inaeleza oili inavyokuwa kwenye baridi, ndiyo itakayokurahisishia kamba. GX390 inaingia lita 1.1. Pampu iache na oili yake, iwashe ukiwa umefungua bastola izunguke bila mzigo dakika moja mbili ndipo uanze kazi.

Kijiwe_Mbezi

Nimezibua vitundu kwa waya. Vilikuwa saruji kabisa. Baada ya kuwasha, maji yanadondoka, tone tone, haraka kidogo. Oili hakuna. Kwa hiyo sili za maji?

Spana13

Sili za maji, na pengine plunja moja imechubuka. Nunua pakiti nzima ya sili za modeli yako, usinunue moja. Fundi akifungua kichwa, mwambie akupe plunja uzishike. Za kauri zikiwa na ufa au mchubuko unaoshikika kwa ukucha, sili mpya hazitakaa. Na kwa kuwa maji yalishafika kwenye oili, badilisha na oili sili kwa safari hiyo hiyo, kwa sababu kufungua mara mbili ni kulipa fundi mara mbili.

Baada ya kufunga, tia oili ya bei nafuu ya uzito uleule, izungushe dakika chache bila mzigo, imwage ikiwa ya moto. Itatoka na weupe uliobaki. Ikihitajika rudia. Ndipo utie ile nzuri. Kuna wanaosafisha kwa dizeli. Kama utafanya hivyo iwe kwa kuzungusha shafti kwa mkono na kuimwaga yote, usiwashe injini pampu ikiwa na dizeli.

Kilindini_Moja

Naongeza kitu kimoja kwa wanaonunua mpya. Pampu nyingi zinasafirishwa na plagi isiyo na tundu pale juu, ili oili isimwagike njiani. Ndani ya mfuko wa plastiki kuna kifuniko kingine chenye tundu la kupumulia, mara nyingi kina kijiti cha kupimia. Unatakiwa uvibadilishe kabla ya kuwasha. Rafiki yangu hapa Changamwe alikuwa na mashine mpya kabisa inayotapika oili kwenye sili. Mafundi walikuwa tayari kuifungua. Kumbe plagi ya safari ilikuwa bado iko juu, hewa ya ndani ikipata moto inakosa pa kutokea, inasukuma oili nje. Ule mfuko ulikuwa bado ndani ya boksi.

Mlalahoi Mstaafu

Hii ya plagi naenda kuangalia ya shemeji sasa hivi. Nilikuja kucheka, nimeishia kujifunza.

Fundi_Mkavu

Tuje kwenye muda wa kubadilisha. Wengi wanasubiri iwe nyeusi. Na kuna anayeshika kijiti, anaona oili imepanda yenyewe kwenye injini, anafurahi.

Spana13

Fundi umegusa pazuri. Injini kwanza: Honda wanasema mara ya kwanza mwezi mmoja au saa 20 za kazi, baada ya hapo kila miezi sita au saa 100, kinachotangulia. Kijiwe chenye shughuli kinafanya saa nane hadi kumi kwa siku, kwa hiyo saa 100 ni kama wiki mbili. Mtu anayesema "nabadilisha kila miezi sita kama kitabu" amesoma nusu ya sentensi.

Oili ya injini ikipanda na kunuka petroli, kabureta inavujisha mafuta ndani, mara nyingi bomba la tangi liliachwa wazi usiku. Mwaga, tengeneza kabureta, ndipo uwashe. Oili yenye petroli inakuwa nyepesi kama maji. Na ukipima kwenye hizi za GX, kijiti unakifuta, unakichomeka bila kukizungusha, unakitoa. Ukikizungusha kinaingia ndani zaidi, kinakudanganya kwamba ipo ya kutosha.

Pampu: Cat Pumps na General Pump wanasema mara ya kwanza baada ya saa 50, kisha kila saa 500 au miezi mitatu. Ile ya kwanza ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu vyuma vipya vinasagana na unga wake unabaki chini. Kwa vijiwe vya pwani, vyenye unyevu huu wetu, mimi nafuata miezi mitatu hata kama mashine haijafanya kazi sana. Kasha likipata moto mchana na kupoa usiku, unyevu wa hewa unageuka matone ndani. Ukungu mwepesi unaoisha ukibadilisha oili, usiogope. Ukirudi ndani ya wiki moja ni sili.

Na niseme ili nisieleweke vibaya: mwenye 15W-40 anayebadilisha kwa wakati atadumu na pampu yake kuliko mwenye oili sahihi kabisa asiyeiangalia hadi shafti ilie. Nimeanza na aina ya oili kwa sababu ndiyo iliyoulizwa.

Mama Kisima

Na oili chafu mnaipeleka wapi? Vijana walikuwa wanaimwaga mtaroni, mtaro unateremka hadi karibu na kisima changu.

Fundi_Mkavu

Mama usikubali. Weka dumu. Kuna mafundi seremala na wajenzi wanaitafuta kupaka mbao na nguzo dhidi ya mchwa, watakuja wenyewe. Ila ile nyeupe yenye maji iache kwenye dumu lake, ikitulia maji yanakaa chini.

Kijiwe_Mbezi

Nashukuru sana wakuu. Pakiti ya sili nimeipata, siyo Gerezani, ni kwa jamaa anayeuza pampu za umwagiliaji. Plunja moja ina mchubuko unaoshikika kwa ukucha, naagiza. Oili ya kompresa 100 isiyo na detajenti ninayo, ya injini 10W-30 ninayo, nimeandika kwa maka peni kwenye kila kifuniko ili kijana asichanganye.

La mwisho: kichwa cha pampu ni cha shaba, nati nane. Fundi anataka kuzikaza kwa nguvu zote "zisivuje".

Spana13

Mkataze. Shaba inachanika nyuzi, na kichwa kikipinda maji yatapita hata sili zikiwa mpya. Akaze kwa msalaba, nati moja halafu ya upande wa pili yake, kidogo kidogo kwa raundi mbili tatu. Kama anayo spana ya kipimo, nguvu ya kukazia hutajwa kwenye karatasi ya pampu; ukipata modeli kwenye kile kibao kilichofutika, tuma picha hapa tukusaidie kuitafuta.

Kijiwe_Mbezi

Sawa mkuu. Napiga picha kesho kukiwa na jua.